CTAB na silika: nani anampanga mwenziwe? Poda yangu imerudi haina safu

Mkemia_wa_Wete

Assalaam alaykum wanajamvi. Nna suali linanisumbua wiki ya tatu sasa na mwaka huu ndo namalizia digrii yangu ya kemia, kwa hivyo naomba anaejua anisaidie kwa moyo.

Projekti yangu ni silika (ile ya mchanga na kioo) ya vitundu, ile MCM-41, nataka baadae niipandikizie amini (kemikali ya naitrojeni) niijaribu kuvuta risasi (ile ya betri za gari) kwenye maji ya visima. Maelezo niliyopewa darasani ni kwamba safaktanti (jamii ya sabuni, yangu mie ni CTAB) ukiitia majini ikizidi kiwango fulani inajikusanya inakuwa maiseli, maiseli zinarefuka zinakuwa fimbo, fimbo zinajipanga kama sega la nyuki, halafu silika inakuja inajaza nafasi baina ya fimbo, unachoma safaktanti inatoka, vitundu vinabaki. Nililimeza hivohivo na mtihani nikaujibu hivohivo.

Sasa nimekaa nikapiga hesabu mwenyewe naona haiingii. Natumia CTAB gramu 2.4 kwenye maji mililita 120, yaani asilimia 2 tu ya uzito. Na nilivosoma, CTAB peke yake majini haijipangi sega mpaka ikaribie robo ya uzito wote. Sasa hizo fimbo zangu zilizojipanga ziko wapi? Silika inajaza nafasi ya kitu gani kama sega lenyewe halipo?

La pili ni poda yenyewe. Nilikoroga CTAB ikayeyuka ikawa kweupe kama maji ya kunywa, nikatia amonia mililita 9.5, nikenda kuswali adhuhuri na kula, niliporudi ndani ya bika mna vitu vinameremeta kama sindano nyembamba (AC ya maabara tunaiweka 18). Nikaona havitonidhuru nikatia TEOS (kimiminika kinachotoa silika) mililita 10, dakika chache ikawa nyeupe kama tui. Nikaiacha ikoroge, nikachuja, nikaosha, nikakausha, nikachoma tanurini digrii 550. Wakati wa kuchoma kulinuka samaki alieoza mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza. Poda ilitoka nyeupe safi, gramu 2.4. Tukaipeleka bara ikapigwe XRD (miale ya X inayoonesha mpangilio, digrii zake ni za pembe si za joto), jibu limerudi lina mlima mmoja mpana kwenye digrii 22 hivi na basi, hamna mstari hata mmoja. Msimamizi wangu anasema imeshindikana nianze upya na kitu chengine. TEOS yenyewe imebaki robo chupa.

Na la tatu kama mtu ana nafasi: SBA-15, silika nyengine ya vitundu, safaktanti yake haina chaji kabisa, sasa silika inaishika kwa lipi?

Fundi_Bika

Waalaykum salaam mdogo wangu. Usianze upya na wala hiyo poda usiitupe. Mie nimekaa maabara miaka mingi na haya mambo matatu uliyoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Kwanza XRD. Uliwaambia waanze kupiga digrii ngapi? Nna yakini walianzia 10 kwa sababu ndo kawaida ya watu wa mawe na udongo. Mlima wako wa digrii 22 ni silika yenyewe isiyo na fuwele, na hilo ni sawa kabisa, kuta za MCM-41 hazina fuwele, ni kama kioo. Safu unayoitafuta si ya atomu, ni ya vitundu, na vitundu vimeachana nanomita 4 hivi, sasa kitu kilichoachana mbali namna hiyo mstari wake unatokea chini kabisa, kwenye digrii 2 na kidogo. Wao wameanza kuangalia mlango ushapita. Waombe wapige tena kuanzia digrii 1 mpaka 8, polepole, na wakuhakikishie mashine yao inaweza kushuka huko maana si zote zinaweza.

Pili zile sindano. Hiyo ilikuwa CTAB yako imeganda. CTAB ina joto lake, ukishuka chini ya digrii 25 hivi haikai tena majini kama maiseli, inarudi fuwele. AC ya 18 inatosha kukuharibia. Ulipotia TEOS sehemu ya CTAB ilikuwa imeshajitoa mchezoni, kwa hivyo iliyobaki kufanya kazi ni kidogo kuliko uliyopima. Mara nyengine weka bika kwenye beseni la maji digrii 35, utie na kipimajoto humo humo, usitoke mpaka TEOS iwe imeingia.

Tatu harufu. Hiyo ni trimethilamini, ndo ileile inayonuka kwa samaki alielala, ukipita Malindi diko lishamaliza na jua limewaka utaijua. Kichwa cha CTAB kimebeba naitrojeni na methili tatu, ukiipasha moto ikiwa imeshikwa na silika ya alkali mkia unakatika na kichwa kinatoka kama gesi hiyo. Kwa hivyo harufu ile ni khabari njema, safaktanti ilikuwa ndani ya poda baada ya kuosha. Haithibitishi kama ilikaa kwa safu, lakini ilikuwemo. Ila chomea ndani ya kabati la kuvuta moshi, ile gesi si nzuri kwa kifua.

Na uzito pia uko sawa. TEOS mililita 10 haiwezi kukupa silika zaidi ya gramu 2.7, wewe umepata 2.4, nyengine imebaki kwenye karatasi ya kuchujia.

BintMakunduchi

Mie nasomesha kemia skuli na suali lako la kwanza limenifurahisha mno, kwa sababu hesabu uliyoifanya ndo hesabu inayotakiwa, wengi wanaimeza ile picha ya sega na hawaulizi.

Mimi nitakuelezea kwa maji ya kwetu. Wewe wa Wete labda hulijui hili vizuri lakini sie wa upande wa maweni maji ya kisima yamepita kwenye jiwe la matumbawe, yamebeba kalisi tele. Ukifua kwa sabuni ya mche povu halitoki, unasugua unasugua, beseni linafanya utando mweupe mzito kama maziwa yalokatika unashika pembeni. Ule utando ni nini? Sabuni ya mche kichwa chake kina chaji hasi, kalisi ina chaji chanya mbili, kalisi moja inakamata sabuni mbili zinatoka majini pamoja. Hapo hakuna sabuni iliyojipanga kwanza halafu kalisi ikaja kujaza nafasi! Kabla hawajakutana sabuni ilikuwa imetawanyika majini raha mustarehe. Mkutano wenyewe ndo ulioleta mpango.

Sasa geuza chaji. CTAB kichwa chanya, silika kwenye maji ya amonia (pH 11 huko) ina chaji hasi, kwa sababu silika ikipita pH 2 tu inaanza kuwa hasi na kila ukipanda inazidi. Wakikutana wanashikana vilevile. Tofauti ni kuwa silika haiishii kushikana na sabuni, inashikana na silika mwenziwe pia mpaka inakuwa ukuta, na kalisi haina tabia hiyo. Ndo maana beseni linabakia na utando na bika yako inabakia na poda ya vitundu.

Yaliyobaki kuhusu fimbo na sega nawaachia waliosoma zaidi.

Mzamia_Nano

Mashallah Bint Makunduchi, mfano wa utando nitauchukua. Nami nipo nje nasoma hayahaya, nitaandika kirefu mtanisamehe.

Mkemia, suali lako waliulizana hata wenyewe waliogundua. MCM-41 ilitolewa 1992 na Kresge, Beck na wenzao waliokuwa kampuni ya Mobil kule Marekani, walikuwa wanatafuta zeoliti (madini ya vitundu vidogo) yenye milango mipana zaidi. (Wajapani kina Kuroda walishapita karibu na hapo 1990 kwa njia yao ya silika ya matabaka, nalisema kwa sababu mara nyingi wanasahauliwa.) Watu wa Mobil wenyewe waliweka njia mbili mezani: ama sega la safaktanti linatangulia na silika inalivaa, ama silika ikiingia ndo inasababisha sega kutokea. Darasani kwenu mmepewa ya kwanza tu.

Hesabu yako inaikataa ya kwanza kwa MCM-41. Gramu 2.4 kwenye mililita 120 ni kama milimola 55 kwa lita, na CTAB inaanza kufanya maiseli kwenye milimola 1 hivi, kwa hivyo maiseli unazo, tena nyingi, lakini zinaogelea kila moja kivyake. Watu waliangalia kwa NMR (kipimo cha sumaku) mchanganyiko kama wako kabla silika haijagandana na sega hawakuliona.

Jibu likaja 1993 mpaka 1995 kutoka kwa kina Stucky kule Santa Barbara, California. Walichukua silika kwenye pH kubwa na baridi, hali ambayo vipande vya silika havigandani wao kwa wao, wakavichanganya na safaktanti. Ukuta hauwezi kujengeka hapo. Na bado mchanganyiko ukajipanga sega! Fimbo zikapangika kwa sababu vipande vya silika vyenye chaji hasi nyingi vilizifungia baina yao. Hilo kwangu ndo jambo zuri kuliko yote kwenye mada hii, kwamba fomu na zege zinajengana kwa wakati mmoja, hakuna fundi alietangulia kusimamisha mbao.

Inakuwaje khasa? Mwanzo kila kichwa cha CTAB kimeshikwa na bromini (bromaidi) iliyochoka kushika, inakuja na kuondoka. TEOS inavunjwa na maji, inatoa pombe na kubaki asidi ya silika, ambayo kwenye amonia inapoteza hidrojeni inakuwa hasi. Vipande viwili vitatu vinaungana, sasa kipande kimoja kina chaji hasi tatu nne na kinaweza kushika vichwa vitatu vinne kwa pamoja. Bromaidi ina mkono mmoja haiwezi kushindana na hicho, inafukuzwa. Kipande kinavuta vichwa vikae karibu, na chaji za vichwa zinazimwa hazisukumani tena, kwa hivyo maiseli ya duara inaweza kurefuka kuwa fimbo na fimbo kukaa karibu na fimbo.

Halafu kuna jambo jengine ambalo watu hulipita haraka na mie naona ndo roho yake. Silika inavyozidi kugandana inazidi kupoteza chaji, maana kila muungano mpya unakula pale palipokuwa na chaji hasi. Mwanzo chaji zimesongamana, vichwa navyo vinasongamana, na vichwa vikisongamana safaktanti hupenda kukaa bapa kama karatasi zilizopangwa. Chaji zikipungua ukutani vichwa vinaachana, kila kimoja kinachukua nafasi pana, na kichwa kipana juu ya mkia mwembamba kinalazimisha umbo lipinde. Karatasi zinajikunja zinakuwa fimbo. Waliliona hili kwenye XRD, mchanganyiko unaanza bapa unamalizia sega. Ndo maana muda wa kukoroga na joto vina maana, haipo pale kwa ajili ya kukusubirisha.

Kwa umbo la sega lenyewe, wewe wa Pemba umeliona dema. Tazama matundu ya dema yalivosukwa, pande sita sita, kila tundu limezungukwa na sita. Fimbo zikibanwa pamoja zinakaa hivohivo, ndo nafasi ndogo kabisa zinayoweza kukaa. Ila dema lako hili tundu lake nanomita 3 na nusu hivi na ukuta nanomita 1.

Kuhusu SBA-15. Hii ilitoka 1998, Zhao Dongyuan akiwa na Stucky. Safaktanti yake P123, ni mnyororo mrefu: kati una propilini oksaidi 70 isiyopenda maji, na kila upande mkia wa ethilini oksaidi 20 inayopenda maji. Haina chaji kweli. Lakini angalia resipi, unatumia asidi ya haidrokloriki mola 2, pH iko chini ya 1. Bint Makunduchi kasema silika inabadilika pH 2, sasa uko upande wa pili, silika ina chaji chanya kidogo. Oksijeni za ile mikia zinapokea hidrojeni ya asidi nazo zinakuwa chanya. Chanya na chanya zinakataana, kwa hivyo anaingia klorini (kloraidi) katikati, hasi, anashikwa mkono huku na huku kama mshenga wa posa, na juu yake kuna vifungo vya hidrojeni. Nguvu ni dhaifu kuliko za CTAB lakini ni nyingi.

Akina Huo na Stucky waliliandika hili kama kanuni 1994: chanya na hasi moja kwa moja, hasi na chanya moja kwa moja, au wote chanya na mshenga hasi, au wote hasi na mshenga chanya kama sodiamu. Mwaka 1995 Tanev na Pinnavaia wakaongeza ya watu wasio na chaji kabisa, amini ya kawaida na silika ya kawaida, wanashikana kwa vifungo vya hidrojeni tu, na vitundu vyake vinatoka vya nanomita vizuri lakini vimepindapinda kama njia za mchwa, safu haijanyooka.

SBA-15 ina ukuta mnene nanomita 3 mpaka 6 na tundu nanomita 5 mpaka 30. Na ile mikia ya ethilini oksaidi inazama ndani ya ukuta wenyewe, ukichoma inaacha vijitundu vyengine vidogo chini ya nanomita 2. Kwa kuvuta risasi mie ningeifikiria, maji yana pa kupita.

Fundi_Bika

Nimesoma yote nimefaidika. Ila Mzamia usimfanye kijana aamini kuwa sega kutangulia ni uongo mtupu. Attard na wenzake 1995 walichukua safaktanti isiyo na chaji kiasi cha nusu ya uzito mzima, hiyo ni sega tayari kabla ya silika, wakatia silika ndani yake ikaganda na umbo likabaki. Njia ile ipo.

Mzamia_Nano

Kweli kabisa kaka, nimeteleza hapo. Ukiwa na safaktanti nzito kiasi hicho sega linatangulia. Kwa asilimia 2 za Mkemia ndo haliwezekani.

Shamba_la_Cheju

Samahani naingilia. Sie wa bonde la mpunga kumvi tunazo milima na milima tunazichoma tu. Nilisikia majivu yake ni silika, inaweza kutumika badala ya hiyo TEOS ya chupa?

BintMakunduchi

Inawezekana na watu wanafanya. Majivu ya kumvi yakichomwa vizuri hewa ikipita mpaka yawe meupe, sehemu kubwa mno ni silika. Usiyapitishe moto mkali sana, ukizidi digrii 700 na kitu inaanza kuwa fuwele na haitayeyuka kirahisi. Unayachemsha na soda kostiki unapata silikati ya sodiamu, yaani kioo cha maji. Ukiichanganya na CTAB ukashusha pH kwa asidi polepole mpaka 10 au 11, silika inaanza kushikana kama hivohivo. Osha vizuri sana kabla ya kuchoma, sodiamu ikibaki tanurini inaangusha kuta.

Mkemia_wa_Wete

Assalaam alaykum tena, nimerudi baada ya wiki mbili na nusu. Wallahi sijui niwashukuru vipi.

Ile poda ya kwanza niliomba ipigwe tena kuanzia digrii 1. Ipo! Mstari mmoja digrii 2.3, mpana, mfupi, na bega dogo pembeni yake. Siku ile niliyopata jibu nilikuwa kwenye boti narudi Pemba, nimeitazama simu mpaka tukafika Mkoani.

Halafu nimefanya ya pili kwa TEOS iliyobaki, nusu ya vipimo vyote. Beseni la maji digrii 35, AC nimezima, dirisha wazi, sikutoka. Hakuna sindano hata moja. Niliikaa naitazama, sekunde kama themanini ilikuwa bado kweupe halafu ikaja ukungu mara moja ikawa tui, na safari hii nilikuwa najua kinachotokea mle ndani, vipande vinavuta vichwa na bromaidi inafukuzwa. Nimepandisha tanuri digrii moja kwa dakika. Samaki kanuka tena lakini ndani ya kabati. XRD imetoa mistari mitatu: 2.2, 3.8 na 4.4. Nimepiga hesabu, moja kwa mzizi wa tatu kwa mbili, sega hilo. Nanomita 4.0 baina ya safu na safu, katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu nanomita 4.6.

Msimamizi wangu kaikubali, kaniambia niandike sura nzima juu ya joto la CTAB. Sasa nataka kupandikiza amini na inatakiwa toluini (kiyeyushi) kavu kabisa isiyo na maji. Kuna mtu yeyote Unguja anajua maabara yenye toluini kavu, hata mililita 50? Nitakuja kuichukua mwenyewe kwa boti ya Jumamosi.